Saundibaa na sabufa ya bei nafuu kwa TV ya nyumbani: jinsi ya kuchagua, kupima na kufunga

TV bapa ina picha nzuri kuliko zile za chogo, lakini kwa sauti imeshindwa. TV ya chogo ilikuwa na boksi kubwa na spika zake zilitazama mbele. TV bapa haina unene wa kubeba spika ya maana, kwa hiyo kiwandani huwekwa vispika viwili, mara nyingi vya wati 8 au 10 kila kimoja, vikitazama chini au nyuma. Sauti inatoka, inagonga kabati au ukuta, ndipo inakufikia. Herufi zinazotofautisha neno na neno, kama s, f, t na k, ndizo zinazopotea kwanza, maana zina sauti nyembamba ambayo haizunguki vizuizi kirahisi. Bibi anauliza "amesemaje?" kila dakika, unaongeza sauti, na likiingia tangazo nyumba nzima inashtuka.

Kwa hiyo kabla hujafikiria mdundo, jua unakwenda kununua nini: maneno yanayosikika. Besi inafuata. Nalisisitiza hili kwa sababu sokoni mambo yamepangwa kinyume. Ukiingia Kariakoo au Luthuli pale Nairobi, utawekewa muziki wenye besi nzito hadi vioo vya kabati vitetemeke, na ukiwa umesimama hapo utaamini umeona mashine. Ukifika nyumbani unakuta mtangazaji wa taarifa ya habari anaongea kama yuko ndani ya pipa. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kukuepusha na hilo, na hatua ya kwanza haihitaji pesa.

Hatua ya 1: Geuza TV uangalie mgongo wake

Watu wengi hurudi dukani kwa sababu kebo iliyokuja na saundibaa, ile spika ndefu ya kukaa mbele ya TV, haina pa kuchomekwa kwenye TV yao. Vuta TV kidogo, washa tochi ya simu, piga picha matundu yote ya nyuma na ya pembeni, pamoja na stika yenye namba ya modeli. Picha hizo utakwenda nazo dukani. Unatafuta yafuatayo, kuanzia lililo bora.

HDMI iliyoandikwa ARC au eARC. Hili ndilo tundu la kuombea uwe nalo. ARC ipo tangu toleo la HDMI 1.4 la mwaka 2009, na eARC ikaja na HDMI 2.1 mwaka 2017. Kebo moja inapeleka sauti ya kila kitu kinachopita kwenye TV: king'amuzi, flashi, YouTube. Saundibaa inawaka TV ikiwashwa, na rimoti ya TV ndiyo inayopandisha na kushusha sauti. Angalia maandishi yenyewe. Tundu la HDMI lisilo na neno ARC kwenye TV linapokea tu, halitoi sauti, na TV nyingi za bei ya chini, hasa za inchi 32, hazina ARC kabisa.

OPTICAL. Tundu dogo la pembe nne, lenye kifuniko kinachosukumika ndani. TV ikiwa imewashwa, mara nyingi utaona mwanga mwekundu ndani yake. Sauti yake ni safi kabisa. Kasoro ni kwamba kwa kawaida utatumia rimoti ya saundibaa kuongeza na kupunguza. Waya wake unapitisha mwanga badala ya umeme, kwa hiyo usiukunje kwa kona kali. Na ncha zake huja na vikofia vidogo vya plastiki angavu. Visipotolewa waya hauingii, na mtu akilazimisha anavunja tundu.

COAXIAL. Tundu moja la duara, mara nyingi lenye rangi ya chungwa, limeandikwa COAX au DIGITAL OUT. TV nyingi za bei nafuu zina hili badala ya OPTICAL. Saundibaa zenye tundu kama hilo ni chache, lakini kuna kiboksi kidogo cha kubadilisha sauti ya dijitali kuwa ya waya mwekundu na mweupe, na hakigharimu sana. Ukikitumia, nenda kwenye mipangilio ya sauti ya TV uchague PCM (sauti ya dijitali isiyobanwa), maana viboksi hivyo kwa kawaida haviielewi Dolby, yaani sauti iliyobanwa ya muvi na baadhi ya chaneli.

Tundu la hedifoni. Linafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Unahitaji waya wa AUX tu, na rimoti ya TV inaendelea kuongoza sauti. Weka sauti ya TV juu kidogo ya nusu, kisha ile ya saundibaa ifuate. Ukiacha ya TV chini sana na kukaza ya saundibaa, utasikia mlio wa "shhhh" nyuma ya maneno.

Matundu mekundu na meupe. Hapa kuwa makini. Kwenye TV nyingi yameandikwa AV IN, yaani ni ya kupokea sauti ya deki au king'amuzi. Hayatakusaidia. Yakiandikwa AUDIO OUT, sawa.

Na kama TV yako haina hata tundu moja la kutoa sauti, king'amuzi chenyewe huwa na matundu ya AV ya kutolea. Unaweza kuchukua sauti pale moja kwa moja. Utasikia chaneli zote, ila ukiweka flashi kwenye TV sauti itabaki kwenye vispika vya TV.

Bluetooth nimeiacha mwisho kwa makusudi. Kwa muziki wa simu ni nzuri sana. Kwa TV, sauti huweza kuchelewa kama sehemu moja au mbili za kumi za sekunde, na hiyo inatosha kumwona mtu amefunga mdomo na neno bado linakuja. Kwenye mpira utaona shuti kwanza, kishindo baadaye. Usinunue spika ya TV kwa kutegemea Bluetooth peke yake.

Hatua ya 2: Amua aina kulingana na chumba

Kuna saundibaa peke yake, isiyo na sabufa, yaani spika ya besi. Kuna saundibaa inayokuja na boksi la sabufa pembeni. Na kuna ile ambayo Watanzania tunaiita sabufa tukimaanisha seti nzima: boksi kubwa la mbao lenye amplifaya ndani, redio, tundu la flashi, taa za rangi, na spika ndogo mbili au tatu za kutawanya. Kenya wengi wanaiita wufa.

Kwa chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, saundibaa peke yake inatosha. Unakaa karibu, ukuta mmoja unatenganisha kitanda chako na cha jirani, na besi ya boksi itakuletea kesi kwa mwenye nyumba. Tafuta yenye spika mbili au zaidi zinazotazama mbele, na urefu unaokaribia wa TV yako. Zile fupi za sentimita 40 ni za kompyuta.

Kwa sebule ya kawaida, tuseme mita 4 kwa 4 au 4 kwa 5, saundibaa yenye sabufa ya pembeni ndiyo ninayoipendekeza. Sababu si mdundo tu. Sabufa ikibeba sauti nzito, spika ndogo za kwenye saundibaa zinapumua, zinabaki na kazi ya maneno, na maneno yanatoka safi hata ukiongeza sauti.

Sabufa za boksi la mbao zina nafasi yake. Kwa bei ileile zinatoa kelele nyingi zaidi, fundi wa mtaani anazifungua na kuzitengeneza, na kwa sherehe ndogo uani hazina mpinzani. Kwa TV, udhaifu wake ni kwamba nyingi hazina HDMI wala OPTICAL, na vile vispika vidogo mara nyingi ni vya plastiki vyenye koni moja dhaifu. Ukiipenda hii, basi spika ndogo ndizo uzichunguze kuliko boksi kubwa.

Je, zile za 5.1 zenye spika za nyuma? Fikiria kwanza unatazama nini. Chaneli nyingi za ndani zinarusha sauti ya pande mbili tu. Muvi zilizotafsiriwa na ma-DJ zimerekodiwa sauti ya msimulizi juu ya muvi, zote kwa pande mbili. Spika za nyuma zitakuwa zinarudia kilekile cha mbele. Kama unatazama sana Netflix au muvi zenye Dolby Digital, hapo zina maana. Seti kama Sony HT-S20R ina spika mbili za nyuma na jumla ya wati 400, lakini spika hizo ni za waya, na waya wote unaanzia kwenye sabufa. Pima sebule na ujiulize waya utapita wapi kabla ya kulipia.

Dolby Atmos kwenye saundibaa ya bei ya chini usiilipie ziada. Sauti ya kutoka juu inahitaji spika zinazotazama dari na dari tambarare ya kuirudisha. Bati lililoinama, bila dari, haliirudishi inavyotakiwa.

Hatua ya 3: Soma namba bila kudanganywa

Boksi limeandikwa "10000W PMPO". Puuza. PMPO haina kipimo kinachokubalika popote. Kila kiwanda kinaandika kinachotaka. Namba ya kutafuta ni RMS, yaani nguvu ambayo spika inaweza kuitoa mfululizo.

Na hata RMS huongopewa, kwa hiyo kuna hesabu ya kufanya palepale dukani. Chukua adapta ya saundibaa, soma maandishi madogo kwenye mstari wa OUTPUT. Ukikuta 18V na 2A, zidisha: 18 mara 2 ni 36. Mashine inayolishwa wati 36 haiwezi kutoa wati 200 mfululizo, kwa sababu umeme huo haupo. Kama haina adapta na waya wa umeme unaingia moja kwa moja, tafuta stika ya nyuma iliyoandikwa matumizi ya umeme. Hata kampuni zenye jina huandika matumizi madogo kuliko wati za spika, kwa kuwa wanapima kwa sauti ya kawaida, na muziki hauhitaji nguvu yote kila sekunde. Lakini pengo likiwa kubwa mno, wati 30 dhidi ya 500, unajua unaongea na nani.

Wati zenyewe zisikusumbue. Ukitoka wati 40 hadi 80, sauti inaongezeka desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua kwa shida kidogo. Ili usikie kuwa sauti imekuwa maradufu, unahitaji karibu mara kumi ya nguvu. Kwa sebule ya kawaida, wati 60 hadi 100 za kweli, sabufa ikiwemo, zinatosha na kubaki.

Namba za 2.0, 2.1, 3.1 na 5.1 zinasomwa hivi: ya kwanza ni idadi ya mikondo ya sauti ya kawaida, ya pili ni sabufa. Kwenye saundibaa ya kweli ya 3.1, ule mkondo wa tatu ni wa katikati, na kazi yake ni maneno. Hiyo ni mali kwa anayetaka kusikia mazungumzo. Kwenye sabufa nyingi za boksi, 3.1 ina maana ya vispika vitatu vinavyogawana sauti ileile ya pande mbili. Usilipe bei ya mkondo wa katikati ambao haupo.

Kuhusu sabufa, angalia mambo mawili. Kipenyo cha spika: inchi 5 hadi 6.5 inatosha sebuleni. Na boksi: ligonge kwa kifundo cha kidole. Mbao nzito inajibu kwa sauti fupi iliyokufa, plastiki nyepesi inalia kama debe, na hivyo ndivyo itakavyolia ukiwasha. Ikiandikwa kuwa sabufa haina waya, maana yake haina waya wa kwenda kwenye saundibaa. Waya wa umeme inao, na itahitaji soketi yake.

Hatua ya 4: Bajeti

Bei hupanda na kushuka na dola, kwa hiyo chukua hizi kama ngazi. Chini ya laki na nusu, kwa shilingi za Tanzania, unapata saundibaa ndogo bila sabufa, au sabufa ya boksi ya chapa za kawaida. Kati ya laki mbili na nusu na laki nne na nusu ndipo penye thamani kubwa: saundibaa ya 2.1 yenye sabufa isiyo na waya, HDMI ARC na OPTICAL, kutoka kampuni inayojulikana. Hisense HS218 ni mfano wa kundi hili, na TCL, Samsung na LG wana za kwao. Zaidi ya hapo unaingia kwenye 5.1 na seti kubwa.

Ushauri wangu kwa mwenye laki mbili: subiri mwezi mmoja uongeze, au nunua saundibaa nzuri isiyo na sabufa ila yenye tundu la SUB OUT, ili sabufa yenye amplifaya yake ije baadaye. Usinunue seti ya kuiga iliyojaa taa kwa pesa hiyo.

Za mitumba kutoka Dubai na Ulaya zinaweza kuwa nzuri mno kwa bei. Masharti ni matatu. Saundibaa na sabufa ziwe za seti moja, kwa kuwa sabufa isiyo na waya ya modeli nyingine haitaungana nayo. Zote ziwashwe mbele yako hadi taa ya sabufa iache kumweka, itulie. Na usome umeme wake: ikiandikwa 110V au 120V pekee, iache. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni 240, na itaungua siku hiyohiyo. Inayofaa imeandikwa 100-240V au 220-240V.

Hatua ya 5: Siku ya dukani

Nenda asubuhi, mtaa ukiwa bado haujachangamka, maana saa saba mchana Kariakoo huwezi kusikia chochote zaidi ya Kariakoo. Ukimfuata winga, yule dalali wa mtaani, jua bei ina sehemu yake ndani. Mwombe akupeleke dukani na bei uipate kwa mwenye duka.

Beba flashi yako. Weka ndani yake kipande cha taarifa ya habari, dakika chache za mechi yenye mtangazaji na kelele za mashabiki, tamthilia yenye watu wanaonong'ona, na wimbo mmoja unaoujua kila kona. Muuzaji atataka kuanza na muziki wake.

"Kaka, naomba kwanza uniwekee hii habari."

"Habari tena bosi? Subiri usikie besi."

"Nitaisikia. Anza na habari."

Jaribio lenyewe ni hili. Shusha sauti hadi iwe ya chini, kama vile watoto wamelala. Rudi nyuma hatua nne au tano. Unayashika maneno yote? Kisha mechi: mtangazaji anasimama mbele ya kelele za uwanja au anazama ndani yake? Kisha pandisha sauti hadi robo tatu. Sauti ikianza kukwaruza au kupiga kelele za plastiki, hapo ndipo ukomo wake. Mwisho, wimbo. Kwenye besi, usisikilize ukubwa wake. Sikiliza kama kila pigo linaanza na kuisha, au yote yanaungana kuwa ngurumo moja. Zima sabufa kabisa kama rimoti inaruhusu, usikie saundibaa peke yake. Ikiwa peke yake haieleweki, sabufa inaficha ubovu.

Kabla ya kulipa, toa picha za mgongo wa TV ulinganishe tundu kwa tundu. Hakikisha ndani ya boksi kuna rimoti, adapta, na kebo unayoihitaji. Omba risiti ya mashine ya kodi (EFD) iliyoandika jina la bidhaa, na waranti yenye muhuri na tarehe. Waranti ya mdomo huisha ukivuka barabara.

Hatua ya 6: Kufunga

Zima kila kitu ukutani. Chomeka HDMI kwenye tundu la ARC la TV na la saundibaa, washa, kisha ingia kwenye mipangilio ya TV uwashe CEC, mfumo wa vifaa kuongozana kupitia HDMI. Kila kampuni imeipa jina lake: Samsung ni Anynet+, LG ni Simplink, Sony ni Bravia Sync. Bila kuiwasha, ARC kwenye TV nyingi haitoi sauti, na watu hurudisha mashine nzima wakidhani ni mbovu. Halafu kwenye sehemu ya sauti chagua spika za nje, ili vile vispika vya TV vinyamaze. Vikiendelea kulia pamoja, utasikia mwangwi kidogo unaoyavuruga maneno uliyoyalipia.

Saundibaa ikae mbele ya TV, ukingo wake ukifika mwanzo wa meza. Ikisukumwa nyuma, sauti inagonga meza kwanza. Usiifungie ndani ya kabati. Isizibe jicho la rimoti la TV. Ikiziba, ishushe kwenye rafu ya chini iliyo wazi mbele, au ifunge ukutani chini ya TV. Kwa ukutani, tumia skrubu na plagi za ukuta zinazofaa tofali lako, na hakikisha fundi hapitishi dreli juu ya njia ya waya wa soketi.

Hatua ya 7: Sabufa ikae wapi

Hatua hii ni bure na inabadilisha sauti kuliko laki ya ziada. Wengi huisukumia kwenye kona kwa sababu ndipo penye nafasi. Kona inaongeza besi, kweli, lakini inaiongeza bila mpangilio, na maneno ya kiume yanaanza kuvimba.

Wimbi la sauti ya herzi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Sebule ya mita 4 kwa 4 inalirudisha na kulikunja, na mahali pengine panakuwa na besi nyingi mno, mahali pengine hakuna. Sebule ya mraba ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu pande zote zinakosea kwa pamoja. Kuta za tofali na sakafu ya vigae hazimezi chochote. Zulia, pazia zito na makochi ya kitambaa vinasaidia sauti nyembamba isirukeruke. Kwa besi, dawa ni kuihamisha sabufa.

Fanya hivi. Iweke sabufa kwenye kochi unalokaa wewe, mahali pa kichwa chako. Weka wimbo wenye besi inayotembea. Sasa piga magoti, zunguka taratibu kandokando ya ukuta upande wa TV, sikio likiwa karibu na sakafu. Utasikia mahali inapovimba, inapopotea, na pale ambapo kila noti inasikika sawa. Pale ndipo pake. Ihamishie hapo, ukiacha angalau kiganja cha nafasi kutoka ukutani, hasa kama tundu la hewa liko nyuma.

Kama kuna bati juu bila dari, utasikia likitetemeka kwenye baadhi ya noti. Punguza besi hadi linyamaze. Kwa nyumba ya kupanga yenye ukuta wa pamoja, weka kipande cha zulia nene au godoro jembamba chini ya sabufa, mtetemo usiingie sakafuni kwenda kwa jirani.

Hatua ya 8: Mipangilio

Saundibaa nyingi zina vitufe vya NEWS, MOVIE, MUSIC, na wakati mwingine NIGHT. Kwa habari na tamthilia, NEWS au VOICE ndiyo ya kuacha siku zote. NIGHT inabana tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa, kwa hiyo matangazo hayarushi watu. Besi ianze chini, uipandishe hadi uisikie, kisha urudishe nyuma kidogo.

King'amuzi kikitoa picha na saundibaa ikawa kimya kwenye chaneli fulani tu, mara nyingi king'amuzi kinatuma Dolby na kifaa kimoja njiani hakiielewi. Ingia mipangilio ya sauti ya king'amuzi, kisha ya TV, uchague PCM au stereo. Midomo na maneno visipoenda pamoja, tafuta AV SYNC au AUDIO DELAY. Kumbuka inaweza kuchelewesha sauti tu, haiwezi kuiwahisha, kwa hiyo sauti inayochelewa tatizo lake liko kwenye TV au kwenye Bluetooth.

Umeme, na matatizo ya mara kwa mara

Saundibaa inayokula wati 40 kwa saa 6 kwa siku ni uniti 0.24, sawa na uniti 7 hivi kwa mwezi, na kwa sauti ya kawaida ni pungufu ya hapo. Hasara kubwa ni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Kifaa cha kulinda TV chenye kuchelewesha umeme unaporudi kinagharimu kidogo sana kulinganisha na bodi ya saundibaa iliyoungua, ambayo mafundi wengi hawana vipuri vyake. Radi ikianza, chomoa na waya wa dishi pia.

Ngurumo ya chini isiyoisha, hata kukiwa hakuna kipindi, kwa kawaida inatokana na umeme mdogo unaozunguka kati ya waya wa dishi na waya wa AUX au ule mwekundu na mweupe. Chomoa waya wa dishi kwa dakika moja; ngurumo ikikoma, hamia OPTICAL, kwa kuwa mwanga haubebi umeme huo. Au chomeka TV, king'amuzi na saundibaa kwenye ekstensheni moja.

Sabufa isiyo na waya ikikatika na taa yake kumweka mfululizo, zima vyote viwili ukutani, subiri dakika, washa saundibaa kwanza, kisha sabufa. Ikigoma, bonyeza na kushikilia kitufe cha PAIR nyuma ya sabufa hadi taa imweke haraka, halafu fuata kitabu kuiunganisha upya. Ruta ya Wi-Fi iliyowekwa juu ya sabufa huleta usumbufu huu mara nyingi. Isogeze mita moja au mbili.

Siku chache za mwanzo iwashe saa nyingi, kwa kila tundu na kwa kila chanzo: king'amuzi, flashi, simu. Ubovu wa kiwandani hujitokeza mapema, na maduka mengi yanabadilisha kifaa bila mabishano ndani ya muda mfupi tu, boksi na povu gumu la kukinga ndani yake vikiwa vizima. Usilitupe boksi mpaka muda huo upite.